Kitanda Kisichopoa

Jumatatu, upepo wa nyuma, mwema

Nchi kavu imepotea. Mpishi alisimama kule tezi, nyuma ya chombo, akiipungia mkono mpaka ikawa mstari mwembamba, kisha mstari wenyewe ukafutika. Akasema, "Haya, kwaherini mboga za majani," akarudi jikoni kumenya viazi.

Tumo wanne katika mashua hii ya matanga, na mbele yetu ni maji matupu ya majuma kadhaa, kuelekea magharibi. Nahodha ni mama wa makamo aliyekwisha kuvuka bahari hii mara nyingi hata haizungumzii tena, kama mtu asivyozungumzia ngazi za nyumbani kwake. Mpishi ana watoto watatu na mdomo mmoja unaofanya kazi ya minne. Ananiita dada, kwa hiyo mume wangu ni shemeji yake, atake asitake. Mume wangu ni fundi wa chombo: mashine, pampu, nyaya, kila kinachovuja na kila kinachogoma. Sote tunamwita Fundi. Hata mimi, tukiwa sitahani. Mimi kazi yangu ni matanga, nayapandisha, nayashusha, nayashona yakichanika. Mwenye Chombo hayumo. Yeye atapanda ndege atusubiri ng'ambo, viatu vikiwa vikavu.

Usukani tunapokezana mimi na Fundi, zamu kwa zamu. Nahodha na Mpishi wanatupumzisha katikati ya mchana tu, na huko si kupumzika, maana ndizo saa za yeye kuzama kwenye mashine na mimi kwenye sindano. Kwa kuwa hatulali wakati mmoja, tumepewa kitanda kimoja chembamba. Yeye akitoka mimi naingia. Godoro halipati nafasi ya kupoa.

Jumanne

Nimetapika. Kila safari, siku ya pili, lazima. Leo sina la zaidi.

Jumatano, mawimbi marefu ya taratibu

Kupokezana kwetu ni hivi. Aliye juu anauachia usukani ujiendeshe kidogo, anashuka ngazi, anamgusa aliyelala kwenye kifundo cha mguu. Si begani, ukimgusa mtu begani hushtuka. Aliyelala anavaa, anatupia jicho saa ya ukutani, anapanda. Wakiwa wote wawili juu wanaambiana upepo unatoka wapi, tanga gani limepanda, meli gani imeonekana. Mmoja anauliza, "Umepokea?" Mwingine anajibu, "Nimepokea." Basi. Ndoa yetu yote imekaa hapo, kati ya umepokea na nimepokea.

Leo alfajiri nilikusudia kumwambia. Nikafungua mdomo, kilichotoka ni upepo: "Umegeuka kaskazini kidogo, halafu umepungua."

"Nimepokea," akasema, akashika usukani.

Jambo lenyewe ni hili. Mama mdogo ana karakana ya kushona matanga katika mji ule tunaokwenda. Kabla hatujang'oa nanga alinipigia simu. "Mwanangu, macho yangu yamechoka na mashine zangu bado zina nguvu. Njoo ushike kazi. Ila nakwambia mapema, msimu huu nitakusubiri, mwingine sikusubiri." Nikamjibu nakuja. Nilijibu papo hapo, bila kumwuliza mume wangu, na tangu hapo nalala na jibu hilo kifuani.

Nataka kitanda kisichoinama. Nataka mlango ninaoweza kuufunga na kuukuta palepale kesho yake. Nikisema hivyo Mpishi hucheka, anadhani natania.

Ijumaa

Wakati wa chakula cha mchana Nahodha aliweka kijiko chini. "Nisikilizeni. Hii ndiyo safari yangu ya mwisho. Magoti yamegoma. Tukifika, Mwenye Chombo ataniuliza nani akishike chombo baada yangu. Fundi, nitakutaja wewe. Tufike salama tu."

Mpishi akapiga meza kwa makofi. "Nahodha shemeji! Jamani, si nitaongezewa nyama?"

Fundi akasema, "Asante sana, mama," akainuka kwenda kutazama pampu. Pampu haikuwa na tatizo lolote. Namjua yule bwana, alikwenda kulia. Neno hilo amelisubiri tangu kabla hajanioa. Alilisubiri kwenye vyombo vya watu wenye matusi, na kwenye kimoja kilichozama gatini na viatu vyake ndani.

Na mimi ndiyo nimemeza langu tena. Sasa limekuwa zito zaidi.

Jumapili, jua, bahari kama imepigwa pasi

Tumepandisha tanga kubwa la mbele, lile jepesi la upepo hafifu. Mpishi analiita Shangazi, kwa sababu likikaa vizuri mambo yote yanakwenda, na likikasirika kila mtu anakimbia. Kanuni ya Nahodha juu ya Shangazi haina mjadala. Asubuhi anapanda, na jioni, akisikia habari ya hali ya hewa kwenye redio, anaamua ashuke au abaki.

Habari hiyo tunaipenda kama watoto wanavyopenda hadithi. Ni sauti ya bwana mmoja tusiyemjua, anasoma pepo na mvua polepole kama anayetangaza majina ya waliofaulu mtihani. Nahodha anakaa na penseli. Mpishi anamwigiza, na Nahodha anamtishia kwa hiyo hiyo penseli.

Baada ya zamu nililala kwenye joto aliloacha Fundi. Mto ulinuka grisi na sabuni. Nikaota natembea katika nyumba yenye vyumba vingi, kila nikiingia chumba nakuta kiti bado kina joto na aliyekikalia ametoka sasa hivi. Sikuwa na hofu. Niliendelea tu kufungua milango.

Jumanne

Samaki wanaoruka wameanguka sitahani. Mpishi amewakaanga, akamwomba mmojawao msamaha kwa sababu alikuwa anamtazama.

Alhamisi, wingu jembamba alfajiri

Leo nimefanya jambo.

Nilishuka kumwamsha Fundi. Usiku kucha alikuwa akikohoa, nilimsikia mpaka juu. Sasa amelala mkono chini ya shavu, mdomo wazi kidogo, na uso umezeeka kwa namna ambayo akiwa macho hauonyeshi. Nikaunyoosha mkono kwenye kifundo, mkono ukakataa. Mtu huyu nitamwacha baada ya majuma machache na hajui. Angalau alale.

Lakini kumwacha tu haiwezekani. Akiamka hutazama saa, na akikuta nimemzidishia usingizi atadai kunirudishia, na Nahodha atauliza kwa nini zamu imechelewa. Saa hiyo ya ukutani ndiyo mfalme wetu. Ni ya shaba, Fundi huijaza kwa ufunguo kila Ijumaa, iko juu ya meza ya kulia. Simu zetu zimo kwenye droo ya Nahodha. Anasema mtu wa zamu anayetazama simu hana tofauti na aliyelala, ila aliyelala angalau anapumzika. Vile vyombo vya usukanini vinaonyesha saa za dunia, za mji fulani wa mbali, hakuna anayevitazama kwa ajili ya saa. Ya ukutani ndiyo inayotuambia tule, tulale, tufungue redio. Na aliye na ruhusa ya kuigusa mishale ni Nahodha peke yake, siku ile tukiwa tumekwenda magharibi vya kutosha akairudisha nyuma kidogo.

Nikafungua kioo, nikausukuma mshale mrefu nyuma. Robo saa, haizidi. Nikapanda juu kimyakimya na moyo ukinienda mbio kama niliyeiba kuku.

Watu wa zamu wamekuwa wakiiba dakika siku zote, lakini wanausukuma mshale mbele, zamu yao iishe upesi. Sijapata kusikia mwizi wa kuusukuma nyuma. Asubuhi nikifuta vumbi chumba cha kulia nitairudisha pale ilipokuwa, na hakuna atakayejua.

Alipopanda alikuwa na rangi usoni. "Leo nimelala," akasema.

"Umepokea?"

"Nimepokea."

Ijumaa

Tena.

Jumamosi

Tena. Kikohozi kimepungua.

Jumapili, joto

Siku hizi hata mimi nalala usingizi mnono. Zamani nilikuwa naguswa mguu katikati ya ndoto na kuamka nikiwa na hasira na dunia nzima. Sasa naamka mwenyewe, nimeshiba, nalala nikisikiliza maji yanavyopita upande wa pili wa ubao, na ndipo nasikia hatua za Fundi kwenye ngazi. Nadhani mwili umezoea. Au ni kwa sababu nina siri, na siri humfanya mtu alale kama mfungwa aliyekwisha kuhukumiwa.

Nimemkasirikia leo, bila sababu. Alinipa usukani akanitazama kidogo kuliko kawaida, nikadhani atasema kitu cha mume kwa mke. Akasema, "Kamba ya kushoto imeanza kulika." Hanioni. Ananipokea tu.

Jumatatu

Mpishi anasema jua limekuwa na haraka. Anasema zamani alikuwa anachemsha chai gizani, sasa maji hayajapata moto na jua limeshamwingia machoni. "Tunalikimbia jua kwenda magharibi, si ndiyo? Basi lingechelewa. Mbona linatuwahi?"

"Linalokuwahi ni tumbo lako," Nahodha akamjibu. Tukacheka.

Nilicheka, halafu nikajiuliza. Nikajijibu kwamba dakika zangu nazirudisha kila asubuhi, hazina deni.

Jumanne

Redio kimya. Nahodha alikaa na penseli yake, akafungua kwa wakati, ikatoa mikwaruzo tu. Fundi akaifungua redio kwenye meza akaitandaza yote kama samaki. Hakuona kasoro. "Nzima, mama. Haina ugonjwa." Maskini, juma zima lililopita hata kuoga hakuoga, pampu ya maji machafu ilivunjika kweli safari hii.

Shangazi tumemwacha juu. Anga ni safi.

Alhamisi, tumejikunyata, mvua

Naandika ya jana.

Jana jioni redio ilikataa tena. Nahodha akatoka na penseli sikioni, akaitazama mbingu pande zote. Ilikuwa ya buluu. Nilikuwa mimi usukanini. Akasema, "Mwache Shangazi nusu saa, tumalizie upepo huu. Mimi nakwenda kunyoosha goti."

Bahari ilikuwa nzuri hata inatia usingizi. Mwanga ulikuwa wa dhahabu, mawimbi yanatuinua na kutushusha polepole, na mimi nilikuwa mbali kabisa, ninapanga vyungu vya maua kwenye dirisha la karakana. Kumbe nyuma yangu mbingu inageuka. Niliihisi shingoni kwanza, baridi ndogo, kama mtu amefungua mlango wa chumba chenye mawe. Nikageuka. Ukuta mweusi, chini yake maji meupe, unakuja.

"Wote juu!" Nilipiga kelele mpaka koo likauma. "Shangazi! Shangazi ashuke!"

Ulitufikia kabla sijamaliza. Mashua ililala ubavu. Vyombo vya jikoni vyote vilianguka kwa mkupuo mmoja, na Mpishi akatoka kama aliyetupwa, aproni shingoni, akakimbilia kamba ya Shangazi mbele kabisa. Ndiyo kazi yake, kuilegeza ile kamba. Lakini ilikuwa imekaza hata inalia. Alipoifungua tu ilimvuta, mkono ukaenda nayo, na yeye akafuata mkono. Nikamwona anapita juu ya ukingo wa chombo. Nikamwona anatoweka.

Mkanda wa usalama ndio uliomshika. Alikuwa amening'inia nje, kila wimbi linamfunika na kumfunua, na Shangazi anatuburuta.

Fundi alitoka kitandani bila viatu wala shati. Hakuuliza kitu. Alikwenda kwa magoti mpaka mbele, meno yameuma kisu, akakata kamba ya kwanza, ya pili, na Shangazi akaondoka. Aliondoka mzima mzima, akajitandaza juu ya maji, mkubwa na mzuri, akazama. Chombo kikasimama wima. Fundi na Nahodha wakamvuta Mpishi ndani kama gunia. Mimi sikuachia usukani. Nililia hapohapo nikiushika.

Bega la Mpishi lilikuwa limetoka mahali pake. Nahodha alimlaza juu ya meza ya kulia, akaweka mguu ubavuni mwake, akavuta mara moja. Mpishi akapiga yowe, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kama ulikuwa unautaka mkono wangu si ungeomba tu." Akazimia.

Nahodha akakaa chini, maji yanamchuruzika, macho yakiwa juu ya saa ile ya shaba. Kisha akafungua droo, akatoa simu yake, akapanda mpaka kwenye vyombo vya usukanini, akashuka. Akatazama saa tena.

"Saa hii iko nyuma," akasema. "Iko nyuma sana. Yule bwana wa redio amesema yote haya jana na leo, sisi tumefungua akiwa amekwisha kwenda zake nyumbani."

Mimi nilitazama miguu ya Fundi isiyo na viatu, ilikuwa inavuja damu.

Ijumaa, upepo umetulia

Mchana, sahani mkononi, Nahodha akauliza bila kupandisha sauti. "Nani amegusa saa?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema Fundi.

Tulisema pamoja, kama waliopanga. Mpishi, bega limefungwa kwa shuka, akatutazama mmoja mmoja. "Mimi sijagusa, jamani. Mimi bega tu."

"Msinichezee," Nahodha akasema. "Ni nani?"

"Ni mimi, mama. Huyu ananikingia kifua."

"Anadanganya," nikasema. "Mimi ndiye. Kila alfajiri nairudisha nyuma robo saa, asubuhi nairudisha mbele."

Fundi akanigeukia. Miaka yote hii sijapata kumwona na uso ule. "Kila alfajiri?" akauliza. "Wewe?"

"Mimi. Kwani wewe?"

"Mimi kila jioni," akasema polepole. "Zamu yangu ikiisha. Kidogo kidogo. Ijumaa nikiijaza kwa ufunguo ndipo naisawazisha na saa za dunia. Ijumaa iliyopita nilikuwa ndani ya pampu. Nikaijaza gizani haraka haraka. Sikuisawazisha. Na juzi na jana yake nikaongeza, maana…"

"Maana nini?" Nahodha akauliza. "Semeni. Kwa nini?"

"Ili alale," Fundi akasema.

"Na wewe?"

Niliona aibu, lakini sikuwa na jibu jingine. "Ili alale."

Mpishi akaanza kucheka, akajishika bega, akaendelea kucheka kwa maumivu. Nahodha naye akacheka, mpaka machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikakatika, machozi yakabaki.

"Nimewahi kumfukuza mtu kwa kulala zamuni," akasema. "Sijawahi kuona watu wanaoibiana kwa kupeana. Lakini huyu hapa," akamnyooshea kidole Mpishi, "sasa hivi angekuwa chini ya maji na watoto wake hawajui. Kwa sababu ya huruma yenu. Mnanielewa?"

Tulielewa. Mpishi aliacha kucheka.

"Fundi. Nilisema nitakutaja kwa Mwenye Chombo, na nitakutaja. Juzi ulikata pale pa kukata, na hukusita. Hilo halifundishiki. Lakini nasema sharti langu mbele ya wote. Nyinyi wawili hamtashika tena zamu katika chombo kimoja. Ukikichukua hiki, mkeo anashuka. Ukimtaka mkeo, kinachukuliwa na mwingine. Amueni wenyewe."

Akachukua sahani yake akatoka.

Nilikuwa nimelitamani neno hilo safari nzima: anashuka. Lilipotamkwa na mwingine lilinipiga kama kofi.

Jumamosi

Mpishi anapika kwa mkono mmoja na anatukosoa kwa miwili.

Jumapili, jioni, bahari imelala

Leo kupokezana kwetu kumechukua mpaka giza likaingia, na Nahodha alijifanya hamnazo kule chini.

Nilimwambia. Karakana, mama mdogo, jibu nililompa, yote, bila kupumua katikati. Alinisikiliza mkono mmoja usukanini.

"Najua," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Unasema usingizini. Tangu safari ya mwaka jana. Nikija kukugusa mguu unasema, 'Nishushe.' Wakati mwingine unasema 'tafadhali'." Akakohoa kidogo. "Nikadhani ni uchovu. Nikasema huyu akilala akashiba, ataacha kusema. Ndiyo maana nikaanza na saa."

"Nikaacha?"

"Hukuacha. Ulilala vizuri zaidi, na ukasema vizuri zaidi."

Nilikaa chini. Mwaka mzima nimemhesabu kuwa mtu asiyeniona, na mwaka mzima alikuwa anasimama hapo kitandani, ananisikiliza naomba nishushwe, kisha ananigusa mguu kwa upole na kuniambia upepo umetoka wapi. Nampenda. Naandika hapa kwa sababu pale sikuweza kusema, nilikuwa nalia.

"Basi kikatae hiki chombo," nikasema nilipoweza. "Tushuke wote. Au niache mimi karakana."

"Ukiacha wewe, utaendelea kusema usingizini na mimi nitaendelea kusikia. Nikiacha mimi…" Alitazama mlingoti mpaka juu kabisa, kama mtu anavyotazama mtoto wake aliyerefuka.

"Umepokea?" nikamwuliza.

Hakujibu. Ni mara ya kwanza.

Jumatano

Harufu ya udongo, kabla ya kuona chochote. Mpishi amepiga magoti akasalimia mboga za majani.

Ijumaa, nchi kavu

Ardhi inayumba. Nazishika kuta.

Chumba chetu kiko juu ya karakana. Sakafu ya mbao, dirisha linalotazama paa za mabati na kipande cha bandari, na chini yetu mashine za mama mdogo zinanguruma mchana kutwa. Mama mdogo alimkumbatia Fundi kwanza, halafu mimi. "Mmekonda. Mlikuwa mnakula nini, kamba?"

Kitanda ni kipana. Jana usiku tulipokiendea, wote wawili tulikwenda upande uleule. Tukagongana. Tumezoea shimo moja, hakuna anayejua kulala upande wa pili. Tulicheka sana, kisha tukalala pale katikati, na hakuna aliyepata usingizi, kila mmoja anamsubiri mwenzake atangulie.

Mwenye Chombo amekuja, mwenye haraka, suruali nyeupe. Anataka kuondoka na wageni wake Jumatatu. Nahodha amemwambia kuhusu Shangazi, na kuhusu saa, hakuficha kitu. Na amemtaja Fundi. Mwenye Chombo akasema, "Jumatatu saa moja asubuhi awe gatini. Yuko mwingine amesimama pembeni, asipofika nampa."

Jumamosi

Nimeshona tanga la kwanza. Mama mdogo amelipitisha.

Jumapili

Tulitembea mji mzima. Alininunulia chungu cha maua cha dirishani. Jioni, taa zikiwa zimezimwa, alisema kuelekea ukutani, "Ukiniambia nibaki, nabaki. Wala sitakulaumu."

"Najua hutanilaumu."

"Basi kesho niamshe. Ukitaka."

Akalala papo hapo, kama aliyetua mzigo.

Jumatatu, asubuhi

Sikufumba macho. Dirisha lilianza kuwa la kijivu, kisha la maziwa. Simu yangu iko mezani, na mimi niko kwenye kiti, nimemkabili.

Amelala mkono chini ya shavu. Hakohoi. Ni usingizi wa mtu wa nchi kavu, mzito, usio na sikio moja wazi. Nikimwacha hataamka mpaka mashine zianze kunguruma. Atatazama dirishani, ataona bandari, ataona pengo gatini, na hatasema neno. Atashuka kunywa chai na mama mdogo. Atazitengeneza zile mashine mpaka ziimbe. Atakaa nami kitandani hapa, usiku mzima, kila usiku, na hataniuliza kamwe. Mimi ndiye nitakayekuwa namsikiliza usingizini.

Naweza. Ni kukaa tu kwenye kiti, bila kugusa chochote. Nalitaka jambo hilo kuliko nilivyowahi kutaka kitu maishani, naliandika hapa ili nisije nikajidai baadaye kwamba ilikuwa rahisi.

Nimeinuka. Nimemshika kifundo cha mguu.

Alifungua macho, akanitazama, na kwa muda kidogo hakujua yuko wapi.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Kumi na mbili kamili," nikamwambia, na ilikuwa kumi na mbili kamili.